Dirisha Nyuma ya Nyumba ya Gibson

...na ng'ombe mmoja hawezi kumaliza majani yote haya ya nepia, hata akila mpaka Sabato ijayo bila kuinua kichwa, hilo Mwalimu Onchiri alilijua, na Persis mkewe alilijua vilevile, ndiyo maana asubuhi hii alipomwona akichukua panga kwa siku ya ishirini na moja mfululizo hakumuuliza anakwenda wapi, alisema tu, akiwa ameinamia sufuria, "Mwalimu, huyo ng'ombe utampasua tumbo," kisha akacheka kwa pua, kicheko cha mwanamke aliyekaa na mtu miaka arobaini na minne na hana tena cha kumuuliza, basi ndiye huyu hapa, nyuma ya nyumba ya mwanawe, panga mkononi, matita mawili ya nepia miguuni, kofia kichwani, ukuta wa matofali mbele ya pua yake, na pale ukuta unapofika usawa wa nyusi zake ndipo dirisha linapoanzia, dirisha la chumba cha kulala, dogo, la juu, kioo kimoja kimefunguliwa kuingiza hewa, na ndani amelala Gibson, chali, na kesho saa kumi na mbili asubuhi gari litakuja kumchukua kumpeleka hospitali mjini Kisii apasuliwe mgongo, na kuna jambo moja ambalo Mwalimu anatakiwa kumwambia kabla ya gari hilo, siku ya kwanza alikuja nalo akarudi nalo, siku ya pili vivyo hivyo, siku ya kumi akalirudisha nyumbani pamoja na nepia kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa, na leo ndiyo siku ya mwisho, leo akirudi nalo atakuwa nalo mpaka Mungu ajue... ndani redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, familia inasikitika kutangaza, mama mpendwa wa, nyanya wa, mazishi yatafanyika Alhamisi nyumbani kwake Gesima, kwa nini mtu aliyevunjika mgongo asikilize vifo, Persis alisema mkono wake unafikia swichi tu, na hakuna mtu wa kumbadilishia stesheni, Nyakerario mkewe amekwenda kituoni kupeleka majani ya chai, hatarudi mpaka yapimwe, kwa hiyo ndani ni Gibson peke yake na wafu wa redioni, na nje ni baba yake mwenye kofia, na katikati tofali moja tu, inchi tisa, alizipima mwenyewe.

Alizipima mwenyewe, ndiyo, kwa futi ya mbao, mwaka ule Gibson alipotaka kuoa na yuko Keroka kazini hana nafasi ya kusimamia ujenzi, Mwalimu ndiye aliyesimama hapa juani na fundi Cleophas, na Cleophas alitaka kuliweka dirisha chini, mahali madirisha yote ya duniani yanapowekwa, akasema, "Mwalimu, chumba itakuwa giza, mtu akilala ataona tu mbingu," na Mwalimu akamwambia panda, akapanda safu mbili, akamwambia panda tena, akapanda mbili zingine, mpaka Cleophas akauliza kama wanajenga nyumba au jela, lakini Mwalimu alikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe kila Mkisii mwenye mtoto wa kiume anaijua, chinsoni, ile heshima iliyo na aibu ndani yake, baba haingii nyumbani kwa mwanawe aliyeoa, hagusi kitanda chake, haoni anapolala, na kwa kuwa njia ya kwenda kwenye chai inapita hapa hapa nyuma ya nyumba, na Mwalimu atakuwa akipita hapa kila asubuhi ya uhai wake, ilikuwa lazima macho yake yasifike ndani hata kwa bahati mbaya, basi akajipima kwa ukuta, akaweka alama ya penseli kwenye nyusi zake mwenyewe, akasema, dirisha lianzie hapa... alijisifu jioni hiyo, akamwambia Persis kwamba hakuna nyumba yenye adabu kama ile kutoka hapa mpaka Ogembo, na Persis akasema, adabu ni nzuri, je, mwanga? na yeye akamwona mke wake kuwa mtu asiyeelewa mambo.

Sasa ndio mwanga anaoutafuta, mzee mzima wa miaka sabini na mmoja, siku ishirini na moja hajamwona mtoto wake uso, alimwona mara ya mwisho akishushwa kutoka kwenye gari, wanaume wanne wamemlaza kwenye ubao, uso umegeukia upande wa pili, wakampitisha mlangoni na mlango ukamla, na baba yake akabaki uani akishika mfuko wa dawa, akampa Nyakerario mfuko ule bila kumtazama usoni, maana naye mkwe, naye ana chinsoni yake, na tangu siku hiyo habari anazipata kwa Persis kama mtu anayesikiliza mpira, amekula, hakula, amelala, amelia kidogo, amelia? amelia kidogo tu, usimwambie nimekwambia... Pasta alimwambia, Mzee, ingia, Mungu haangalii kizingiti, na binamu yake akamwambia, ukivuka kizingiti kile itabidi tukae kikao, na Mwalimu akawaitikia wote wawili, maana ndivyo alivyo, amekuwa mtu wa kuitikia kila anayesimama mbele yake na cheo, na hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia, kama atasema ukweli, na si mgongo, mgongo ulivunjikia Keroka, ghorofa ya tatu, Gibson akipachika dirisha la chuma, kamba ikaachia... mambo yaliharibika zamani, mbele ya darasa, kwa sababu ya neno moja la Kiingereza.

"We have a small window," daktari alisema kwenye korido, msichana mdogo mwenye miwani, akamtazama yeye badala ya Nyakerario kwa sababu alikuwa ameambiwa mzee ni mwalimu wa Kiingereza mstaafu, akamaanisha kwamba muda upo ila ni mfinyu, wiki tatu, nne hivi, vyuma vya kumfunga mgongo vifike na uvimbe ushuke, vikichelewa zaidi ya hapo miguu huenda isirudi, akangoje nyumbani, alale chali, asigeuzwe ovyo, na Mwalimu badala ya kufikiria mgongo, Mungu amsamehe, akafikiria neno, akaliona ubaoni kwa mwandiko wake mwenyewe, window, amelikata katikati kwa mstari wa chaki, huku upepo, huku jicho, jicho la upepo, hili ndilo lililokuwa somo lake la fahari, alilitoa mara moja kila mwaka kwa darasa la saba, kwamba neno hili Waingereza hawakuzaliwa nalo, waliletewa na watu wa kaskazini kwenye baridi, waliokuja kwa mashua kupora, wakapora, kisha wakachoka wakakaa, wakaoa, wakaacha maneno yao ukutani na jikoni, na nyumba zao hazikuwa na vioo, zilikuwa na tundu tu, moshi utoke, hewa iingie, sawasawa na nyumba ya marehemu mama yake aliyozaliwa ndani yake, tundu la ngumi mbili juu ya jiko, tundu hilo ndilo watu wale waliloliita jicho la upepo, na Waingereza walikuwa na neno lao la zamani, tundu la jicho, wakalitupa wakachukua la wageni, na mwisho angewaambia watoto kwamba hata dirisha si la Waswahili, alisoma mahali kwamba ni la Waajemi, maana yake mlango mdogo, na watoto wangesema aaah, na yeye angejisikia kama mtu aliyewafungulia duka.

Ila mwaka ule Gibson alikuwa darasani, darasa la saba, dawati la tatu, na mkaguzi wa shule alikuwa ameketi nyuma kwenye kiti cha mwalimu mkuu na kalamu yake, na Mwalimu Onchiri alikuwa amevaa tai, akakata neno kwa chaki, akasimulia mashua, akasimulia tundu, watoto wakasema aaah, mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha mkono ukainuka dawati la tatu... "Mwalimu, hilo jicho ni la nani? Ni upepo ndio unaangalia ndani, ama ni mtu wa ndani ndiye anaangalia upepo?" na darasa likamgeukia Mwalimu, kwa sababu lilikuwa swali zuri, yeye mwenyewe alilijua kuwa zuri saa ile ile, lilimwingia kama maji baridi, kwamba miaka kumi na moja anafundisha somo hili na hajawahi kujiuliza, na kamusi aliyopewa chuoni kama zawadi haikusema, kamusi ilisema upepo, ikasema jicho, ikanyamaza, na mkaguzi akainua kalamu akamtazama akingoja jibu... maneno mawili yangetosha, sijui, mwanangu, au moja tu, sijui, mkaguzi angecheka kidogo na kuandika anachoandika na maisha yangeendelea, lakini Mwalimu aliona tai yake, akaona kalamu, akasema, "Kwa kuwa wewe ni mjuaji, nenda kasimame dirishani uliulize likujibu," na darasa likacheka, watoto hucheka wakiruhusiwa, na mkaguzi naye akacheka, hilo ndilo halitoki, mkaguzi kucheka, na Gibson akaenda akasimama dirishani, mgongo kwa wenzake, na kwa kuwa mkaguzi alikaa shuleni wiki nzima, Mwalimu hakujua jinsi ya kumwondoa pale bila kuonekana amekosea, basi kila kipindi cha Kiingereza wiki ile mtoto alisimama dirishani, mgongo wake mwembamba na sweta iliyotoboka begani, Jumatatu mpaka Ijumaa, na wenzake wakampa jina, Jicho... mgongo ule ule, Mungu wangu, mgongo ule ule ndio kesho wanaupasua.

Jioni ya Ijumaa hiyo Gibson alimletea maji ya kunawa, kama kawaida, akamwagia mikononi vizuri, hakumwaga hata tone nje, akasema, "Taulo ndiyo hii, Mwalimu," na Mwalimu akadhani mtoto amejisahau, shuleni walikuwa wamekubaliana aitwe Mwalimu kama anavyoitwa na wote, lakini nyumbani alikuwa tata, yaani baba, siku zote tata, akangoja asahihishe, hakusahihisha, kesho yake kanisani, Mwalimu, wiki iliyofuata, Mwalimu, siku ya kupeleka posa akasema mbele za watu, huyu ni Mwalimu, mzazi wangu, na watu wakadhani ni heshima kubwa, wakamsifu kijana kwa kulelewa vizuri, na Persis akamtazama mumewe, miaka ishirini na saba sasa, wajukuu wawili wanamwita babu, dunia nzima inamwita Mwalimu, na mtu mmoja tu aliyekuwa na haki ya kumwita vingine akajiunga na dunia... na hakuinua mkono tena darasani, hilo nalo, hakuuliza tena swali lolote mpaka akamaliza shule, alama zake zilikuwa nzuri, angeweza kwenda chuo, akaenda Keroka kuchomelea vyuma, na unajua alichagua kutengeneza nini, si vitanda, si mageti, madirisha, akaandika kibao cha rangi ya bluu, JICHO METAL WORKS, na Mwalimu akakiona siku ya kwanza akadhani ametukanwa hadharani, tangu hapo akifika Keroka huvuka barabara, hupita upande wa malori, asikisome, mtu aliyefundisha watu nusu ya wilaya kusoma... na leo ndipo anapofikiri, akiwa ameegemea tofali, kwamba labda haikuwa tusi, labda mtoto alilipenda lile somo, labda alilipenda zaidi ya wote, ndiyo maana aliuliza, na alipofukuzwa nalo akaondoka nalo, akalifanya kwa chuma.

Na hili nalo, kwamba Keroka nzima inaangalia nje kwa madirisha ya Gibson, maduka, kanisa la Kikatoliki, ghorofa mpya zote, makubwa, ya kuingiza jua mpaka chini ya meza, na nyumba yake mwenyewe kaiacha na kidirisha hiki, angeweza kukivunja kwa siku moja na kuweka lake, Nyakerario alimwomba, Persis alisikia akimwomba, na Gibson akajibu, hapana, hilo aliliweka Mwalimu... sasa amelala chini ya heshima ya baba yake, anaona mbingu tu, kama alivyosema Cleophas... "na watoto wake kumi na mmoja, wakwe na majirani," ilisema redio, na ng'ombe akalia bandani, na wingu likatanda upande wa Gesima, mvua itakuja kabla ya saa sita, na Mwalimu akafungua kinywa, akakifunga, akatazama jiwe lililo karibu na mguu wake, jiwe zuri, bapa, la kusimamia, akilipanda macho yatafika, ataona uso, lakini huo ndio utakuwa wizi, kuchungulia ni kubaya kuliko kuingia, anayeingia angalau anaonekana, hapana, si jiwe, na macho hayana kazi hapa, kinachotakiwa ni mdomo, na mdomo hauna chinsoni, hakuna mahali popote ambapo wazee walisema baba asimwambie mwanawe kwamba hakujua kitu, amelitafuta katazo hilo siku ishirini na moja na halipo, ni yeye tu, ni ile tai, angali ameivaa.

Basi akaliweka panga chini juu ya nepia, taratibu, lisigonge jiwe, akavua kofia, kwa sababu kuna mambo mtu hayasemi akiwa na kofia kichwani, kama kanisani, akaishika kifuani kwa mikono miwili, kichwa kitupu kikapigwa na upepo, nywele zenyewe zilizobaki chache, akavuta pumzi, na redio ikazimwa.

"Tata."

Mwalimu alidhani ni yeye mwenyewe, mzee akizeeka husikia anachotaka, sauti ilikuwa ya chini, nene, ya mtu anayeongea akiwa amelala, haikuwa ya mtoto wa dawati la tatu, ilikuwa ya mwanamume.

"Tata, usiende bado."

"Siendi," alisema Mwalimu, na sauti yake ikatoka ndogo, "nani kasema naenda?"

"Kofia imeshuka. Kila siku ikishuka najua umeenda."

...kofia... akaitazama kofia mikononi mwake kama ya mtu mwingine, kofia ya kahawia aliyopewa na walimu wenzake siku ya kustaafu, na akaelewa pole pole, kwanza ukuta, kisha nyusi, kisha alama ya penseli, kwamba macho yake yalikomea chini ya dirisha lakini kofia haikukoma, kofia ilikuwa juu, siku zote ishirini na moja kofia ilikuwa ndani ya dirisha, imesimama pale kama sufuria rafuni, na yeye huku chini akijidhania amejificha, akikata nepia, akikohoa kwa mkono mdomoni.

"Wewe unaona kofia?"

"Inakuja saa tatu. Inasimama, inasimama, alafu inashuka. Siku ya pili nikaambia Nyakerario ageuze kitanda niangalie huku." Pumzi ya mtu anayeumwa. "Alitaka kukuita. Nikamwambia wachana naye, ataongea akiwa tayari."

Akageuziwa kitanda, mtu asiyetakiwa kugeuzwa ovyo, akabebwa na kitanda chake akageuzwa ili aone kofia, na Mwalimu akaegemeza paji la uso kwenye tofali, lilikuwa baridi, na machozi yakamtoka, akayaacha, hakuna mkaguzi hapa, akasema kwa tofali lile, "Gibson, lile swali lako."

"Ile ya dirisha?"

Hakuuliza swali gani. Miaka ishirini na saba, na hakuuliza swali gani.

"Lile. Sikujua jibu. Mkaguzi alikuwa ameketi pale, nikaona haya kusema sijui. Ulikuwa umeuliza vizuri. Nilikuonea, mwanangu. Mpaka leo sijui."

Upepo ukapita kwenye nepia, ukapanda ukutani, ukaingia kwenye kioo kile kimoja kilichofunguliwa, na Mwalimu akangoja, akajisemea kwamba hata kama hatajibiwa ameshasema, na kwamba gari la kesho sasa linaweza kuja, ingawa hakutaka lije, hakutaka kabisa lije.

"Nilijua haujui," Gibson alisema hatimaye. "Nilikuwa nauliza tu vile mtoto anauliza." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Rudisha kofia, tata. Bila hiyo, hapo hakuna kitu ya kuangalia."

Matita mawili ya nepia yalikuwa bado miguuni, wingu lilikuwa bado upande wa Gesima, ukuta ulikuwa ule ule, inchi tisa, na Mwalimu Onchiri akafuta uso kwa mkono wa shati, akaivaa kofia, akaisukuma juu kidogo ionekane vizuri, na akaendelea kusimama.